Koti Jeupe la Aregash

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Bontu Regassa amepiga magoti kwenye tope la shamba la chuo, nje kidogo ya Holeta, Ethiopia, kisu kidogo mkononi. Anachanja shina la mche wa tofaa, anachomeka kikonyo, kijitawi cha mti mwingine, anakifunga kwa utepe wa plastiki. Tayari ameshika mche mwingine.

"Mama Bontu, huo mkono au mashine?" anauliza msichana aliye jirani yake.

"Ni miaka kumi na mmoja ya waridi, binti yangu. Kaza utepe wako, unaingiza hewa."

Ana miaka thelathini na sita, mkubwa kuliko wenzake wote wa mwaka wa pili, stashahada ya kilimo cha bustani. Jumatatu hadi Ijumaa hukata maua katika shamba la waridi. Mwisho wa wiki yuko hapa. Ukimuuliza kilichomleta, hasemi kwamba anapenda mimea.

"Wivu," anasema. "Andika hivyo hivyo."

Wivu huo una jina: Aregash Demissie, jirani yake, ambaye alikata naye waridi mstari mmoja kwa miaka saba. Bontu ndiye aliyemfundisha kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo na shina. Jioni walikunywa kahawa pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Kisha shamba likatangaza kumsomesha mfanyakazi mmoja. Wote wawili waliomba. Akachukuliwa Aregash.

"Nilimpongeza kwa mdomo," anasema Bontu. "Nikaenda nyumbani nikakosa hata hamu ya kula injera. Mimi nimemshika mkono, yeye ndiye anakwenda?"

Kahawa ikafa hapo hapo. Aregash alipobisha hodi, Bontu alijibu kwamba kichwa kinamuuma. Mumewe, Tolosa, mlinzi wa kinu cha unga, alimtania: "Kichwa hiki kinauma ukisikia viatu vya Aregash tu."

Miaka mitatu baadaye Aregash alirudi shambani na koti jeupe na lenzi shingoni, msimamizi wa kudhibiti wadudu katika vitalu nyumba vinne, mabanda ya plastiki yanamokuzwa waridi. Mshahara wake ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa Bontu. Lakini Bontu anasema kilichomchoma ni lile koti.

"Alikuwa analifua Jumapili na kulianika upande wa kwangu. Labda jua lilikuwa upande huo. Mimi niliona ananianikia."

Siku moja, akikata waridi katika kitalu cha tatu, Bontu aligeuza jani akaona utando mwembamba na vidoa vyekundu vinavyotembea. Utitiri. Aregash alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, akiandika kwenye daftari lake.

Bontu alirudisha jani lilivyokuwa. Akanyamaza siku nne.

"Kila asubuhi nilijiambia, kasoma, ataona mwenyewe. Nilikuwa nasubiri asione."

Utitiri ulipogunduliwa, ulikuwa umeshaenea. Mistari kumi na miwili ilikatwa na kuchomwa. Meneja alimfokea Aregash mbele ya wafanyakazi wote, akamvua usimamizi kwa miezi mitatu. Aregash alirudi kukata maua, bila koti, pembeni ya Bontu.

"Siku ya kwanza nilifurahi, sikufichi," anasema Bontu. "Siku ya pili nikamwona anajifuta machozi kwa mkono wenye miiba. Furaha ikaniisha."

Ilimchukua wiki mbili kuvuka uwa. Alimkuta Aregash akikaanga buni.

"Dada, ule utitiri niliuona kabla yako," alimwambia.

Aregash aliendelea kukoroga. "Najua. Nyayo zako zilikuwa palepale. Macho yako hayajawahi kukosa mdudu."

"Mbona hukumwambia meneja?"

"Ningemwambia nini? Kwamba asiye na cheti ameona, mwenye cheti hakuona?" Akaepua buni. "Una macho hayo, unayatumia kunisubiri mimi nianguke. Nenda kasome, ulipwe kwa kuona."

Hakumkaribisha kahawa. Bontu alirudi kwake na aibu, lakini hasira ndiyo iliyomkalia zaidi. Wiki hiyo hiyo alijiandikisha chuoni, akauza ndama wake kulipa ada ya kwanza.

Leo Aregash amerudishiwa usimamizi. Wanasalimiana. Mara mojamoja wanakunywa kahawa, ingawa si kama zamani. Bontu anajua alama alizopata Aregash chuoni katika kila somo, na katika magonjwa ya mimea amempita kwa alama mbili.

"Alipoambiwa, alisema mtihani siku hizi ni rahisi," anasema Bontu, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Akimaliza mwakani anataka kufungua kitalu chake cha miche ya matofaa, kwa wakulima wa nyanda za juu. Ameshaongea na shemeji yake kuhusu kipande cha ardhi chenye kisima.

Je, Aregash atakuwepo siku ya mahafali?

"Ndiye wa kwanza kualikwa," anasema, akifuta kisu kwenye sketi. "Nataka akae mbele kabisa. Anione vizuri."