Abbasi Alipofunga Mdomo

Eustadia alikufa wakati wa masika, kwa homa, na mumewe Raymundi hakulia. Alimzika kwao Usoke, akakaa matanga na wakwe zake, akapokea pole za watu, kisha akapanda treni kurudi kazini Tabora. Watu walisema amejikaza kiume. Yeye mwenyewe hakuona kwamba amejikaza. Ilikuwa ganzi tu, kama ya mkono uliolaliwa, ila hii ilishika mwili mzima na haikuachia.

Kazi yake ilikuwa tenisi. Kilabu ya Wazungu ilimwajiri acheze na wanachama waliokosa wa kucheza naye, awafundishe wake zao, na asubuhi anyunyizie maji uwanja wa udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa. Alikuwa mrefu, mkimya, mtumia mkono wa kushoto. Mchezo wake haukuwa na madaha: kila mpira aliurudisha, na akaurudisha tena, mpaka mwenzake achoke.

Kilabu ya Wahindi, upande wa pili wa mji, ilikuwa na Abbasi, mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo palepale Tabora, mfupi, mwenye mdomo usiotulia. Abbasi alicheza kwa mbwembwe. Alikimbilia wavuni, akaikandamiza mipira ya juu kwa kishindo, na kabla ya kuanzisha mpira alimtania mpinzani wake watu wote wasikie.

"Mtu wa Usoke! Leo nakurudisha kwenu kwa miguu, treni haitakungoja!"

Kila mwaka kilabu hizo mbili ziliwapambanisha waajiriwa wao, na watu walijaa pembeni mwa uwanja. Raymundi alimchukia Abbasi kwa dhati. Enzi za uhai wake Eustadia alikuwa akimcheka: "Wewe unasonya hata usingizini, na jina lake unalitaja."

Mwaka ule wa msiba walikutana kiangazi, kwenye uwanja wa Wahindi. Champaklal, muuza vitambaa aliyekuwa mwenyekiti wa kilabu hiyo, aliwaita katikati. Abbasi alimshika Raymundi mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, bwana."

"Nimeshapoa."

Wakaanza. Abbasi hakusema neno. Seti ya kwanza Raymundi alishinda sita kwa moja, na watazamaji wakaanza kunong'onezana. Katika seti ya pili Raymundi alirudisha mpira mbovu, ukapanda juu taratibu karibu na wavu. Mpira wa namna hiyo Abbasi angeupiga hata akiwa amefumba macho. Akautumbukiza wavuni. Raymundi akamsogelea.

"Unafanya nini?"

"Nacheza."

"Hujanitania hata mara moja."

Abbasi akatazama chini. "Umefiwa, bwana. Nitamtaniaje mtu aliyefiwa?"

"Niliyefiwa ni mimi. Mkono wangu haukufiwa. Cheza." Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayeagiza chumvi dukani.

Abbasi alifuta uso kwa kanzu aliyokuwa ameitundika kwenye kiti, akarudi kwenye mstari. Kisha akapaza sauti: "Haya, mlingoti wa simu! Angalia usianguke, Kigoma watakosa habari!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tangu hapo Abbasi hakumwonea huruma. Alimkimbiza kushoto na kulia, akamtupia mpira nyuma, akamwita mbele, huku anaropoka. Mara moja, katika seti ya mwisho, Raymundi akiukimbilia mpira wa pembeni, alisikia hasira ya zamani inapanda kifuani, ya moto. Akaupiga mpira kwa nguvu zake zote, ukapita. Alipogeuka kurudi kwenye mstari ile hasira ilikwishapotea. Alishindwa seti mbili mfululizo, ya mwisho sita kwa nne.

"Asante," alimwambia Abbasi walipopeana mikono.

Jumapili iliyofuata Abbasi alifika nyumbani kwa Raymundi na sahani ya wali iliyofunikwa kitambaa. Alikaa kizingitini akapiga soga: bei ya nyama, jamaa zake wa Ujiji, mke wa karani fulani. Raymundi alikula, akanawa, akaitikia pale palipohitaji kuitikiwa. Abbasi akaja tena, na tena. Mwisho wa mwaka alipata kazi kwenye kilabu ya Nairobi.

"Twende wote," alimwambia stesheni, wakisubiri treni ya Mwanza, ambako angepanda meli kuvuka ziwa. "Kule viwanja ni vingi."

"Nitaona."

Mahali pa Abbasi akaletwa Lugembe, kijana wa Igunga, mwenye adabu, aliyemwamkia "shikamoo, kaka" kabla ya kila mchezo. Raymundi alimshinda kila walipokutana, wala hakuona raha.

Masika iliporudi aliomba ruhusa akaenda Usoke. Mama mkwe wake, Imakulata, alimkuta kaburini anang'oa majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukaa siku ngapi?"

"Sijui, mama."

Imakulata alimpeleka kwenye banda la tumbaku, akampa uzi, akamwonyesha jinsi ya kufunga majani mawilimawili kwenye ufito. Vidole vya Raymundi vikawa vyeusi kwa utomvu. Ruhusa ilipokwisha, kilabu ilimtumia salamu kwa mfanyakazi wa reli: anarudi au harudi? Alimwambia yule mtu awajibu kwamba wamtafute mwingine, kisha akaomba uzi mwingine, maana ule wa kwanza ulikuwa umekwisha.