Kompyuta ya Ami Haikwami

Juzi niliwasikia vijana wawili wakigombana kompyuta ya nani haikwami, nikamkumbuka ami yangu wa Mikindani, bingwa wa upuuzi huo.

Kompyuta yake ilikaa sebuleni chini ya kitambaa alichokidarizi mkewe, ikafukizwa udi kila Ijumaa kama bi harusi. Jirani yetu, Mwalimu Kazungu, alikuwa na ya aina nyingine. Ilinguruma, ikanuka waya unaoungua, tena ilizimika ovyo katikati ya mitihani aliyokuwa akituandikia. Alasiri moja alikuja kuazima bisibisi.

"Tupa takataka hiyo," ami akamwambia. "Yangu, wallahi, haijakwama hata siku moja!"

"Basi iwashe tuone."

"Niiwashe? Ili iharibike?"

Mwalimu alichukua bisibisi akaenda zake. Nilicheka kwa fahari, nikidhani ameshindwa. Magharibi mashine yake ikasikika ikinguruma tena, na kesho yake tukaufanya mtihani.

Ami amezeeka. Siku hizi mkewe huiegemeza kompyuta ile kwenye mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Na kwa kazi hiyo, wallahi, haijakwama hata siku moja.