Dama na Mlango Wake

Mchungaji ameniomba niandike habari za Dama, ili akina mama wa kanisani wasomewe na watiwe nguvu. Ameniomba mimi kwa sababu nilisoma kidogo kwa wamishonari Rabai, tena nimekaa na Dama ukuta kwa ukuta katika nyumba ya Bi Mwanakuu, hapa Bondeni, tangu siku za vita vya Hitla. Hakuuliza kama nampenda. Angeuliza, labda kazi hii angempa mtu mwingine.

Dama ni Mgiriama. Mumewe, Dzoro, alikufa kwa homa mtoto wao Sidi akiwa ndiyo kwanza anasimama dede. Desturi ya kwao ni mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu. Ndugu huyo aliitwa Thoya, naye alikuwa na wake wawili. Dama alikuwa amekwisha batizwa, akakataa. Thoya si mtu mbaya. Hakumpiga wala hakumlaani. Alimwambia maneno ambayo Dama alinisimulia mara nyingi mpaka nikayajua kama sala:

"Mke siwezi kumburura, shemeji. Lakini mtoto ni wa nyumba yetu. Siku utakapokuwa na chumba chenye mlango wako mwenyewe, unaoufungua na kuufunga wewe, si mlango wa tajiri wako, nitamleta."

Basi Dama akaja Mombasa kutafuta mlango.

Alipofika hakuwa na kitu ila kanga mbili na mkeka. Bi Mwanakuu alimwonea huruma akamlaza ukumbini, hapo kila mtu apitapo. Haukupita muda akapata kazi ya jikoni kwa Shirinbai, mke wa Akbarali, Mhindi wa Kibohora mwenye duka la vioo na makufuli Mji wa Kale. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuchoma. Kazi ile nilikuwa nimemwombea binti yangu, Eddah. Mimi nilikuwa nikimfulia Shirinbai nguo mwaka wa pili, sijapoteza hata leso. Akaja Dama, mgeni, hajui hata kupindua chapati, akapewa yeye. Niliambiwa ana uso mzuri. Wangu una nini?

Nilikuwepo siku ya kaa. Nilikuwa juu darini naanika mashuka.

Makaa ya nyumba ile yalikuwa yakiletwa na mchukuzi wa dukani, Dama hajawahi kutumwa. Siku hiyo mchukuzi aliugua, na jioni wageni wanakuja. Shirinbai alimwita kutoka ghorofani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wahindi, cha kukata maneno vichwa.

"Dama! Enda lete kaa! Kaa kubwa-kubwa, ile gumu. Laini hapana taka!"

Sisi wa pwani kaa wa baharini tunamtamka kwa pumzi, na kaa la moto tunalitamka bila pumzi, na mtoto mdogo hakosei. Lakini Shirinbai alilitamka neno lile kwa pumzi kama mtu azimaye taa. Dama akachukua kikapu akaenda soko la samaki.

Mabohora hawali kaa. Kwao ni haramu. Dama hakujua. Alirudi akakitua kikapu jikoni, karibu na Sugrabai, mama mkwe wa Shirinbai, aliyekuwa amekaa chini anachambua mchele. Kaa mmoja akatoka. Kisha watatu. Nilisikia ukelele nikateremka mbio, nikamkuta bibi kizee yuko juu ya benchi, sinia ya mchele imepinduka, na kaa wanakwenda upande upande kati ya masufuria.

"Nini hii? Dama, nini hii?" Shirinbai alikuwa amejishika kichwa.

"Kaa, bai. Wakubwa, wagumu, kama ulivyosema."

"Kaa! Kaa ya kupika!"

"Na hawa ni wa kupika, bai."

Mimi niligeuka ukutani nisionekane nikicheka. Lakini Dama hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa amesimama na uso ule ule mzuri, anangoja asifiwe.

Vyombo vyote viliondolewa vikasuguliwa, jiko likaoshwa toka juu hadi chini, na kabla ya adhuhuri Dama alikuwa amefukuzwa kazi, na kikapu chake cha kaa kichwani. Shirinbai hakumtukana. Alisema tu kwamba mtu asiyesikia neno hawezi kukaa jikoni.

Nyumbani Bi Mwanakuu alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. "Dama mwanangu, hebu nambie, ungeambiwa ulete paa la nyumba ungeleta paa wa mwituni?"

Dama naye akacheka, machozi yakimtoka. Kisha akakaa ukumbini, kikapu mapajani, akafumba macho. Mimi nilimtazama kwa upenyo wa mlango wangu. Midomo yake ilitikisika kidogo tu. Haikuwa sala ndefu. Akainuka, akajifunga kanga, akatoka.

Alikwenda akasimama njia ya Ngome, ambayo siku hizo ilikuwa gereza, mahali wake za watu hupita wakitoka sokoni. Mama mmoja wa Kigoa akafunua kikapu. Wagoa ni Wahindi walio Wakristo kama sisi, ila wao ni Wakatoliki, na kaa wa nazi wanampenda kuliko nyama. Alinunua wote, akamwambia Dama alete tena Ijumaa, na jirani zake nao watataka.

Dama alirudi anaimba. Nilimsikia tangu kona ya msikiti.

Hivyo ndivyo kosa lilivyogeuka biashara. Alfajiri alikuwa akienda Makupa kuwapokea wanawake wa Jomvu waliotoka mikokoni, anachagua kaa wazito, anawafunga magando kwa miyaa ya kusukia mikeka, anawapeleka nyumba kwa nyumba. Na Jumapili moja mchungaji akamsimamisha kanisani. Akasema, "Mungu haandiki maanguko ya mtu. Huandika mainuko yake." Watu wote wakamgeukia Dama. Mwanamke wa mbele yangu akapangusa macho kwa ncha ya kanga.

Mimi nimezaa, nimelea, nimefua, sijafukuzwa kazi wala kuaibika mbele ya watu. Kanisani hukaa benchi ya tatu, na hakuna aliyewahi kunigeukia. Niliporudi nyumbani nilimwambia Bi Mwanakuu, ingawa yeye si wa dini yetu:

"Bi Mwanakuu, mimi sijaanguka hata siku moja. Basi nitainuka vipi nisifiwe?"

"Jitupe, mwanangu," akasema. "Mtaro si ule pale?"

Hayo ningeyavumilia. Lililonikereketa ni Eddah. Alianza kwenda Makupa na Dama kumsaidia kufunga kaa. Akawa anarudi na matope magotini na kicheko ambacho hakukitoa kwangu.

"Wanuka, mwanangu."

"Ni pwani hiyo, mama. Kaa mzima hunuka pwani, aliyekufa ndiye anukaye."

"Nani amekufundisha?"

"Mama Dama."

"Una mama wangapi wewe?"

Akafikiri, mtoto yule, kama kwamba nimemuuliza jambo la hesabu. "Wewe," akasema. "Na yeye."

Usiku ule niliomba, nikamwuliza Mungu kama yuaniona. Sikusikia jibu. Nilisikia Dama akikoroma ukumbini.

Baadaye Bi Mwanakuu akamkodishia stoo iliyopakana na chumba changu. Ilikuwa na dirisha la kupitisha mkono tu, lakini ilikuwa na mlango. Dama alinunua komeo, akalipaka mafuta, akawa analifungua na kulifunga bila sababu. Krii, krii, siku nzima ukutani pangu. Akapeleka salamu kwa Thoya: mlango upo, mlete mwanangu.

Kabla Thoya hajafika, kaa mmoja alikatika kamba akamshika Dama kidole cha shahada, mkono wa kulia. Ulikuwa mshiko wa kawaida, akakifunga kitambaa akaendelea na kazi. Kidole kikavimba, kikawa cheusi, mkono mzima ukawaka. Walimlaza hospitali, wakamkata kidole, akakaa huko muda mrefu na homa mpaka tukasikia hatarudi. Bi Mwanakuu naye anakula kwa vyumba vyake. Akampa stoo mke wa baharia mmoja.

Thoya alikuja wakati huo, peke yake, kutazama kwanza. Nilimwona akisimama mbele ya mlango ule. Akabisha. Akatoka mwanamke asiyemjua, ana mtoto mgongoni. Thoya akautazama mlango, akaitazama dari, akaondoka bila kunywa maji.

Niseme kweli, nilidhani yamekwisha. Nilidhani Dama sasa atarudi kwao, Eddah atarudi kwangu, na kanisani watu watageukia mbele kama desturi.

Dama akarudi amekonda, mkono umefungwa, akatandika mkeka wake ukumbini, pale pale pa kwanza. Nilimpelekea uji, maana jirani ni jirani.

"Thoya alikuja," nikamwambia.

Akakoroga uji kwa mkono wa kushoto, ukamwagika.

"Aliona nini, dada?"

"Aliona mlango wa mtu mwingine."

Alilia siku hiyo. Sikuwahi kumwona akilia vile, hata siku ya kaa. Alilia na uso ukutani mpaka Bi Mwanakuu aliyekuwa akipita na birika akasimama, akasahau alikuwa anakwenda wapi. Alipomaliza alisema, wala si kwangu, "Bwana, wanijua. Nipe tena."

Nipe tena! Mimi ningeomba nilipizwe, au nipumzishwe. Yeye aliomba apewe tena kazi ile ile iliyomla kidole.

Akaanza kujifunza kufunga kaa kwa mkono wa kushoto. Miyaa aliishika kwa meno. Wa kwanza walimponyoka wote, uani kukawa na mbio na vicheko, na Eddah akiwakamata na kumrudishia. Nilitazama dirishani. Kaa akiponyoka, Dama husema "Haya," humchukua, huanza upya. Haya. Haya. Neno hilo lilinichosha kuliko lile komeo. Wale Wagoa walikuwa wamepata muuzaji mwingine, ikambidi abishe milango mipya, na milango mingi ilifungwa akiwa bado anaamkia. Mvua za masika zikaja, wanawake wa Jomvu wakawa hawavuki, akauza vitumbua mpaka mvua ikaisha. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Kisha yule mke wa baharia akahamia Lamu, na stoo ikawa ya Dama tena. Salamu zikaenda kwa Thoya mara ya pili.

Alikuja mchana, Dama yuko Mwembe Tayari anauza. Safari hii alikuwa na msichana mdogo, amenyolewa, ameshika kifurushi. Nikajua ni Sidi. Alikuwa na uso ule ule.

Thoya hakwenda kwenye mlango. Alikuja kwangu, akakaa kibarazani, akaamkia kwa adabu, akauliza hali ya nyumba nzima mpaka ya kuku. Kisha akasema:

"Mama Eddah, nataka ushahidi wako."

"Waulize kanisani, baba. Huko wanamsifu sana."

"Ndiyo sababu sikwenda. Mwenye kumpenda atamsifu. Mwenye nyumba wenu ameniambia wewe humpendi hata kidogo."

Nikamtazama Bi Mwanakuu aliyekuwa uani akitwanga. Akatwanga kwa nguvu zaidi.

"Mara ile nilikuta mlango wa mtu mwingine," Thoya akaendelea. "Milango hubadilika. Nataka kumjua mtu. Nikimwacha mtoto huyu hapa, na mama yake akianguka tena, mtoto atakula nini? Sema wewe, na Mungu wenu anasikia."

Mkononi mwangu mlikuwa na nguo ya kushona, nikaiweka chini. Neno moja lingetosha, tena lisingekuwa uongo. Ningesema tu, "Huanguka sana." Thoya angeinuka, angemshika mtoto mkono, na mimi ningebaki na binti yangu. Sidi alikuwa amesimama juani, kifurushi amekihamishia mkono wa pili, mimi nikitafuta pa kuanzia. Tena nilijua kwamba anayengoja neno langu si Thoya peke yake, bali na Yule niliyemwuliza kama yuaniona.

"Huanguka sana," nikasema.

Thoya akatikisa kichwa polepole.

"Nami kila alipoanguka nilikuwa dirishani," nikasema. "Kila mara, baba. Nilikuwa natazama nione kama atabaki chini. Hakuna mtu Mombasa nzima aliyemtazama kama mimi. Hajabaki. Mtoto huyu atakula. Wakikosa kaa watakula vitumbua, wakikosa vitumbua watakula kwangu, lakini sidhani kama itafika huko."

"Na bado humpendi?"

"Hilo hukuliuliza kwanza."

Akacheka, mzee yule. Akainuka akazungumza na mtoto kwa Kigiriama, akamwekea mkono kichwani, akaomba maji, akanywa. Eddah alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Akatoka mbio pekupeku kwenda Mwembe Tayari, hata hakujifunga kanga vizuri.

Sidi akasogea kivulini. Alitazama ukumbi, akatazama mlango ule wenye komeo, kisha akanitazama mimi kwa makini, kwa sababu alikuwa ametoka kwa mama yake mdogo mno na sura yake hakuijua.

"Wewe ndiwe mama?"

Nilimpokea kifurushi kwanza. Sijui kwa nini sikumjibu mara moja.

"La, mwanangu," nikasema. "Mama yuaja. Kaa hapa umngoje."

Nikampa maji katika kikombe cha Eddah, tukakaa pamoja kibarazani, macho yetu njiani, mpaka tukasikia mtu anakuja anakimbia.