Siku Mama Alipoiacha Meza Kuu

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye jubilei ya ndoa Mbinga mjini. Mshereheshaji alipomwambia mke apige magoti amlishe mumewe keki, ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Mimi nilifumba mdomo. Nisamehe, rafiki yangu, lakini kila nikiona keki ya namna ile namkumbuka mama.

Nilikulia hapo hapo Mbinga, kwenye nyumba ya bati jekundu. Baba alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu wa Matiri. Mama alitoka Ngumbo, ziwani. Asubuhi ukungu ulijaa uani, nasi watoto tuliokota kuni vidole vimekufa ganzi, huku jikoni kukinukia uji wa mahindi. Mbele ya wageni baba alimwita mama "malkia wangu". Wageni wakiondoka, hakumwita kitu. "Mwambie mama yako anipe chumvi," angeniambia, na mama yupo palepale, chumvi i mbele yake.

Alichokichukia baba zaidi ni harufu ya ziwa. Bibi, mama yake mama, akija na kapu la usipa mkavu, vile vidagaa vya ziwani, baba alifungua madirisha yote, hata katika baridi ya Juni. Mama aliukaanga usipa kwa nyanya na kitunguu, nasi tukausubiri ugali wa muhogo kama siku ya Krismasi.

Ikafika jubilei yao. Baba alikodi maturubai meupe, viti vikavalishwa vitambaa, pilau ikanukia mtaa mzima. Mama alivaa gauni la rangi ya dhahabu, chaguo la baba. Bibi naye alikuja, amejifunga kitenge chake kipya. Nikiwa mlangoni nilimsikia baba chumbani: "Mama yako akae jikoni na wapishi. Leo kuna watu wakubwa."

Mama alifunga mkufu shingoni. "Nimesikia," alisema, akatoka akitabasamu.

Alitabasamu kwenye picha zote. Jirani yetu aliniinamia, "Ona wazazi wako wanavyopendana!" Mimi niliona kidole gumba cha mama kikikwaruza kitambaa cha meza.

"Mama, mlishe simba wako!" mshereheshaji alipaza sauti. Baba akafungua mdomo, tayari. Mama akaweka kipande cha keki kwenye sahani, akainuka, akampita. Alipita katikati ya wageni, gauni likiburuzika vumbini, mpaka jikoni. Akarudi amemshika bibi mkono, bibi ana majivu mpaka kwenye viwiko. Akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, meza kuu, akachukua kipaza sauti.

"Huyu ndiye aliyenizaa. Anayeona ananuka samaki, mlango uko wazi."

Kisha akamlisha. Muziki ulikuwa umezimwa. Mwalimu wangu, mwanamke mpole ajabu, akapiga kigelegele peke yake, wapishi wakaitikia. Ndipo baba akafumba mdomo.

Kesho yake mama alifunga nguo zetu, tukashuka Ngumbo pamoja na bibi. Baba alitufuata baadaye. Alisimama uani, mkeka alioandaliwa hakuutaka.

"Umeniaibisha mbele za watu," alisema.

Mama alikuwa akigeuza usipa juu ya chanja. "Wewe uliniaibisha kila siku," alimjibu, "ila watu hukuwaita."

Baba aliondoka peke yake. Mama hakurudi tena Mbinga.

Leo nyumba ya bati jekundu haipo, mahali pake pana duka la saruji. Bibi amekwenda, baba amekwenda, na mama tulimzika Ngumbo, karibu na maji. Wapo mashangazi wanaosema hadi leo kwamba alivunja nyumba yake kwa kiburi. Waseme. Binti yangu wa kwanza nimempa jina la mama, na mashangazi hao wakija kunitembelea, namwita kwa sauti ya juu kabisa.