Rono, Nilisema Nimekupata

Siamini bado. Mzee Rono wa Kedowa, fundi wa stima wa kiwanda chetu cha majani chai kabla hajaretire, alituacha Jumanne asubuhi. Kijana wake alinipigia nikiwa ofisini. Nikamwambia sawa, nikaendelea kuandika gate pass ya lori. Hiyo gate pass niliiandika mara tatu.

Wale mnanijua hapa kwa picha za ng'ombe tu, wacha niwaambie. Mimi na huyu mzee tulikuwa watu wa redio. Si ya kusikiliza, ile ya kuongea, yenye leseni, antenna ni waya umevutwa kutoka mti hadi mti. Tulikuwa kwa frequency za chini kabisa, zile vijana hawana haja nazo.

Mimi karani, mtu wa ziwa, hata soldering sikuwa najua kushika. Yeye ndiye aliniingiza. Akaniambia, "Otieno, wewe unaongea sana. Tukutafutie mahali pa kuongelea."

Aliporetire akarudi Kedowa, mimi nikabaki upande wa Kericho. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu namsikia akinisalimia kikwao: "Chamgei, Otieno." Simu alikuwa nayo. Alisema simu ni ya shida.

Halafu moyo ukaanza kumsumbua, sauti ikapungua. Na ni wakati huo huo stesheni moja ya matangazo ilianza kuingia kwa frequency yetu. Saa yetu ndiyo saa yao ya matangazo ya vifo. Rono anaongea pole pole, na juu yake mtu anasoma majina ya marehemu, watoto na wakwe.

"Siku moja watasoma jina langu," akaniambia, "na wewe utasema ni interference." Tulicheka sana hiyo siku.

Nililaumu jirani na TV yake. Rono akasema hapana, anza na nyumba yako. Zima main switch, weka redio kwa betri. Nikazima, mama watoto akiwa katikati ya kupiga pasi uniform. Marehemu wakaendelea kusomwa. "Basi si stima. Toa antenna." Nikatoa, kukanyamaza. "Basi inaingia kutoka nje. Kuna chuma ya kutu hapo kwa boma yako inashika hiyo stesheni na kuirusha kwetu."

Jumamosi akaja mwenyewe, na fimbo, na ule ugonjwa wake. Akakaa kwa stuli na earphones, mimi nazunguka boma natikisa vyuma. Gutter, tanki, geti, waya wa kuanika nguo. Majirani wamesimama wanatuangalia. Mmoja alimuuliza mama watoto kama naweza kuombewa.

Nilipovuta seng'enge, sauti ikakatika, ikarudi. Rono akatoa earphones. "Nani aliunga hii?"

Ni mimi. Huku kwetu si wote tunafanya hivyo? Seng'enge ikikatika hununui mpya, unasokota kipande juu ya ile ya zamani yenye kutu, unaenda kukamua. Yangu ilikuwa na viungo kumi na saba. Alivihesabu vyote akitembea na fimbo.

"Kata, sugua, unga upya. Usiache hata kimoja." Tulifanya sita, akachoka, tukanywa chai. Nikamwambia hivyo vingine niachie.

Nilifanya vinne. Halafu mvua ikaja, majani yakawa mengi, shift zikawa ndefu. Nafika nyumbani miguu imekufa. Kila wiki nasema Jumamosi. Vikabaki saba.

Rono alikuwa na sheria moja tu: usiseme nimekupata kama hujanipata. Sema rudia. Hata mara kumi, hakuna aibu.

Jumatatu aliongea kwa muda, sauti iko chini sana. Nilishika jina langu, nikashika neno "mama," halafu marehemu wa watu wengine wakapita juu yake. Nilikuwa nimechoka, hata viatu sijavua. Nikasema, "Nimekupata, mzee. Nimekupata vizuri."

Kisha akasema "Saisere," vile alikuwa anaaga kila jioni.

Jumatano nilienda Kedowa kutoa pole. Mkewe, Mama Chelangat, akanipa logbook ya mzee, lile daftari la kuandika kila mtu tumeongea naye. "Angalia hii, Baba Akinyi. Mimi sielewi mambo yenu."

Ukurasa wa mwisho, mwandiko unatetemeka: *Otieno. Amesema amenipata. Hajanipata. Kesho nirudie.*

Hakuwa hata amekasirika. Nilikaa kwa kiti chake nikalia, sitawaficha. Nikamuuliza mama kama anajua mzee alikuwa anasema nini Jumatatu. Hajui. Yeye alikuwa anatufungia mlango tukiongea, alifikiri tuna siri.

Jana nilichukua off. Nikakata vile viungo saba, nikasugua waya mpaka ukang'aa, nikaunga upya. Nilimaliza saa kumi, mikono imejaa damu. Ilikuwa kazi ya siku moja tu.

Saa kumi na mbili na nusu nikawasha redio. Mama watoto akaniita kutoka jikoni, redio yake ndogo iko kwa ile stesheni, wanasoma jina lako, Rono. Kwa frequency yetu haikuingia. Kumetulia kabisa, mzee. Ningesikia hata ukikohoa.

Saisere, mzee wangu. Lala vizuri hapo Kedowa. Jumatatu sikukupata.

Rudia.