Nilivyoitwa Mtoro Tottenham

Harufu ya makoti yaliyolowa mvua hunirudisha mpaka leo kwenye ofisi ya serikali ya kugawa nyumba pale Tottenham, ile yenye viti vya plastiki vilivyokazwa sakafuni kwa skrubu. Ilikuwa miaka ya tisini, tumetoka Bukavu hata mwaka haujaisha, nami nina miaka kumi na miwili. Kila Jumanne mama alinitoa shule tukakae pale tuombe nyumba, maana Kiingereza cha familia nzima kilikuwa changu peke yangu. Nilitafsiri ukungu wa ukutani, nikatafsiri kikohozi cha mdogo wangu, na mama akilia nilitafsiri hilo pia. Shuleni alinikataza kusema. Aliogopa wakijua watamshtaki, na nyumba tutaikosa.

Waingereza wana neno lao la mtaani, bunk off. Si kukosa shule tu. Mtoto mgonjwa hawezi ku-bunk off. Ni kutoroka makusudi ukale raha: bustanini, madukani, sigara nyuma ya ukuta. Wenzangu walilitamka kwa kujisifu. Mwalimu wangu alinibandika mimi neno hilo, akamwita mama. Mkalimani hakuwepo, ila mshtakiwa mwenyewe.

"Mama, anasema kila Jumanne natoroka nikacheze. Nikiendelea atanishusha darasa la wazito wa kusoma. Nimwambie kule tunakoenda?"

Mama akaangalia mkoba wake. "Mwambie hutarudia."

"Lakini mama, ni wewe ndiye..."

"Mwambie, binti yangu."

Nikamwambia. Nikaomba na radhi, kwa Kiingereza safi, mwalimu akanisifu kwa kukiri. Jumanne iliyofuata tulikuwa tena kwenye vile viti. Nyumba tuliipata. Mimi nilishushwa darasa, na nilipofika miaka kumi na sita nikatoka shule bila cheti hata kimoja.

Sioni haya. Leo nina kampuni yangu ya usafi, na baadhi ya ninaowaajiri wana digrii. Juzi shule ilinipigia simu: binti yangu ame-bunk off, amekutwa Wood Green anakula chipsi na wenzake. Nilimgombeza vilivyo. Mama, ambaye sasa amezeeka na anakaa kwangu, akatikisa kichwa.

"Huyu amechukua kwako," akasema. "Na wewe ulikuwa unatoroka masomo."

Nikamtazama nione kama ananitania. Alikuwa anakunywa chai yake.