Bawaba za Mama Mkwe

Mtu mpweke humtambui kwa machozi. Mtambue kwa kazi anazojitafutia. Hezekiah, jirani yangu hapa Mogogosiek, alianza kutengeneza milango ya magari ambayo haikuwa imeharibika. Ulimpelekea gari akuangalizie breki, ukarudi ukakuta breki ziko vilevile, lakini milango yote minne imetiwa grisi na inafungwa polepole kama kifuniko cha sufuria ya wali. Wateja waligomba. Mimi niliwapoza kwa chai, maana kibanda changu kimeegemea karakana yake na bati lake ndilo ukuta wangu.

Jina langu ni Nyamoita, ingawa hapa huitwa Mama Bonareri. Nilitoka Kisii miaka kumi na tisa iliyopita kwa sababu ambazo si za leo. Nauza chai, mandazi na ndengu karibu na lango la kiwanda cha chai, na mtu anayenyamaza na shida yake hunichosha kuliko mlevi.

Hezekiah alinyamaza. Alikuwa fundi katika karakana ya shamba kubwa la chai kwa miaka ishirini na sita, akifungua matrekta na kuyafunga, na alipostaafu akajijengea karakana yake ndogo ya mabati. Kisha mkewe, Chelimo, akafariki. Homa ya mapafu, siku nne tu. Watu walijaa matangani, wakaimba, wakala, wakaenda zao, na jina la Chelimo likaenda nao. Sisi majirani tulidhani ni huruma kutolitaja. Nami sikulitaja, na leo nikikumbuka naona haya.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeendelea kulitaja, naye ni mama mzazi wa Chelimo, bibi kizee wa kijiji cha Ndanai anayeitwa Rodah. Mimi humwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyowaita nyanya zao. Sasa, kwa Wakipsigis wa zamani, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja hupisha kando mpaka mwenzake apite. Si uadui, ni heshima. Siku hizi wengi wameyaacha mambo hayo na kanisani hakuna anayewauliza, lakini Kogo hakuacha, na Hezekiah hakuacha. Miaka thelathini na moja walikuwa wakwe na hawakuwahi kugusana hata kidole.

Ila simu haina uso. Kila Jumapili baada ya ibada Hezekiah aliketi juu ya tairi kuukuu akampigia, na kwa kuwa bati halina siri, nilisikia yote. Walizungumza Kikipsigis, nami baada ya miaka hii yote hakinipiti sana. Walizungumzia mahindi, ng'ombe, mvua. Halafu Kogo angesema, "Chelimo alipenda mvua ya namna hii," na Hezekiah angeuliza, "Kweli?" kana kwamba ni habari mpya. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya wiki nzima.

Jumapili moja ya Februari, karibu miaka miwili tangu maziko, Kogo alisema jambo jingine. Wakati wa maziko yeye alikuwa amelazwa hospitalini, nyonga imevunjika, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu.

"Sijaona mahali mtoto wangu amelala," alisema. "Nataka kupaona kabla sijafa."

Kaburi liko hapa hapa, ukingoni mwa shamba la chai la Hezekiah. Utadhani ni jambo dogo: mbebe bibi, mtie garini, mlete. Lakini wanawe walimbeba hivyo siku ya kumtoa hospitalini. Walimpakia kama gunia la majani chai, na leso ikamvuka mbele ya watu. Akaapa. Hatabebwa tena na mtu yeyote, awe mwanamke awe mwanamume. Ataingia garini mwenyewe kwa mikono yake, la sivyo haji. Na mkwewe, hata angetamani kumsaidia, ndiye mtu wa mwisho duniani anayeruhusiwa kumshika.

Basi Hezekiah akaamua kuunda mlango.

Gari lake ni stesheni wagoni kuukuu, lililokuwa likibeba maziwa zamani. Kogo angeketi nyuma, upande wa kushoto, ili asitazamane na mkwewe. Shida ni kwamba mlango wa nyuma ulifunguka kiasi tu. Kiti cha magurudumu hakikuweza kusogea ubavuni mwa siti, kwa kuwa mlango ulikizuia. Kama ungefunguka mpaka mwisho, ukalala kabisa kuelekea mbele, kiti kingesimama bega kwa bega na siti, na Kogo angejisogeza kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisa.

"Si uchomelee tu hinji za nje, kama za geti?" nilimshauri.

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Hinji ya nje itashika leso yake akipita. Na pia, Mama Bonareri, mtu haleti mkwe na gari iko na mlango kama ya choo."

Zikawa ni bawaba za kufichwa. Nami, bila kuomba, nikafundishwa. Bawaba ya geti ni rahisi kwa sababu pini yake iko nje, peupe. Ukiificha pini ndani, nyuma ya bati, mlango ukifunguka ukingo wake unageuka na kuuma mlango wa mbele. Kwa hiyo bawaba lazima iwe na mkono uliopinda kama shingo ya bata, ili mlango utoke nje kwanza ndipo ugeuke. Ukiupinda kidogo mno, rangi inachubuka. Ukizidisha, mkono unagonga chuma huko ndani na mlango haufungi. Tena bawaba ni mbili, ya juu na ya chini, na pini zake zisipokaa mstari mmoja, mlango unalia kama mbuzi.

Alichora kwa penseli kwenye kaunta buku. Kisha akachukua maboksi yangu ya mafuta ya kupikia, akayakata shingo za bata, akayabana kwa misumari juu ya ubao, na kutwa akawa anafungua na kufunga mlango wa karatasi. Wachumaji walipita na vikapu, mvua ya saa nane ikaja ikaenda, yeye anafungua na kufunga. Magari ya watu yalimsubiri.

"Mficha uchi hazai," nilimtania. "Hinji unaficha, shida zako unaficha. Utazaa nini?"

Hakucheka. "Chelimo pia alikuwa ananiambia hivyo," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo nje ya simu. Nilipaswa kujibu. Nilipaswa kuvuta kigoda nikakaa. Badala yake nikasema maziwa yanachemka, nikakimbilia jikoni, na maziwa yalikuwa baridi.

Jozi ya kwanza ya chuma ilichubua rangi. Ya pili ilibeba mlango vizuri siku mbili, halafu ukainama. Kabla ya jozi ya tatu alihitaji vipimo vya kiti cha Kogo, upana na kimo, na kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kwenda kumpima mkwe kwa tepu, alinituma mimi.

Kogo alinipokea kibarazani. Nilipotoa tepu, alikunja uso. "Unanipimia sanduku?"

"Hapana, Kogo. Nakupimia mlango."

"Ya mbinguni?"

"Ya gari."

Alicheka hadi akakohoa. Nikapima, nikaandika mkononi mwangu kwa kalamu. Nilipokuwa nikiaga aliniuliza, "Huyo mtu wangu anakula?"

"Anakula, Kogo."

"Anakula na nani?"

Sikuwa na uongo wa kutosha. Nikakunja tepu.

"Hata mimi," akasema. "Kuna msichana hapa wa kunipikia. Anaweka sahani, anarudi kwa simu yake. Jua inatoka, inaingia, na hakuna mtu ameniambia hata pole."

Nilimfikishia Hezekiah vipimo. Hayo mengine sikumfikishia, kwa sababu yangenipasa kuyasema nikimtazama.

Jozi ya tatu ilikubali. Aliifunga Alhamisi, kwenye sakafu ya saruji ya karakana. Mlango ulitoka kidogo, ukageuka, ukaenda hadi mwisho bila sauti na kukaa pale. Kile kipande cha chuma ambacho kwa kawaida hushikilia mlango usirudi alikuwa amekitoa, maana kilikuwa kifupi kwa mlango wa namna ile. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, nikajisogeza hadi kwenye siti, na muda wote huo aliangalia chini, ati anajizoeza.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, mzee."

Akatabasamu mpaka nikaona meno ambayo sikujua hana.

Jumamosi tulikwenda Ndanai, mimi nikiwa siti ya mbele, kwa kuwa haifai hao wawili wasafiri peke yao. Boma la Kogo liko mteremkoni, lango chini, nyumba juu. Gari likapanda na kusimama hapo hapo, pua ikitazama juu. Hezekiah akaweka jiwe nyuma ya tairi kama kila mtu wa huku anavyofanya bila kufikiri. Akaufungua mlango hadi mwisho, akaondoka hatua nne, akaligeuzia gari mgongo na kuyatazama mahindi.

Kogo alitoka amevaa gauni la kanisani na kilemba cheupe. Nilisukuma kiti hadi kikagusa siti. Hakuuliza habari za bawaba wala hakuziona. Alishika siti kwa mkono mmoja, akajiinua, akawa kati ya viti viwili, hayuko hapa wala pale.

Ndipo nikauona mlango ukianza kurudi.

Fundi wa miaka hiyo yote, mzaliwa wa vilima, mtu asiyeegesha gari bila jiwe, alikuwa ameujaribu mlango wake kwenye sakafu iliyonyooka kama meza. Jiwe lilishika gari. Mlango haukuwa na wa kuushika. Uzito wake wote ulikuwa unateremka kumwendea Kogo, na mimi niko upande wa pili wa kiti, mikono yangu yote miwili ikiwa kwenye vishikio.

"Mlango!" nilipiga kelele.

Hezekiah aligeuka na kuruka. Ukingo ulimpiga kwenye kiwiko, nikasikia mfupa. Mkono wake mwingine ulikwenda mbele, popote, na Kogo, aliyekuwa ameachia siti kwa hofu, akaudaka kwenye kifundo.

Hezekiah alikuwa amefumba macho ili asimtazame. Mlango umemlalia mgongoni, kiwiko kinavimba, naye amefumba macho kama mtoto anayeomba chakula kibarikiwe. "Nisamehe," akawa anasema. "Nisamehe, nisamehe," huku akijaribu kuutoa mkono taratibu.

"Usiachilie," Kogo alimwambia. "Nitaanguka."

Lakini mimi niliona. Alikuwa amekwisha kukaa. Amekaa sawasawa kwenye siti, wala asingeweza kuanguka. Naye hakumwachia. Aliugeuza ule mkono, akautazama kiganja, akatazama grisi iliyoingia kwenye kucha, na akapitisha kidole gumba chake juu ya ngozi ile ngumu.

"Chelimo aliniambia una mikono mikavu," akasema. "Kumbe ni kweli."

Hezekiah akaanza kulia. Alilia na macho yamefumbwa vilevile, mlango mgongoni, na mimi nikatazama ng'ombe wa jirani kwa bidii ambayo ng'ombe yule hakustahili. Niliona wivu, nasema kweli. Mikono yangu huosha vikombe mia kwa siku, na sikumbuki ni lini mtu aliitazama.

Nilikitia kile kiti cha magurudumu nyuma ya gari, tukaondoka. Kogo nyuma, Hezekiah mbele, uso barabarani, akiendesha kwa mkono mmoja. Tulipofika Mogogosiek alitafuta mahali palipo sawa kuliko pote, kando ya michai, karibu na kaburi. Alishuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele, akaufungua mlango na kuuangalia kwa muda. Haukutikisika. Akasogea mbali, akageuza mgongo, akasimama katikati ya michai ameshika kiwiko chake.

Nilikisukuma kiti hadi bega kwa bega na siti. Kila kitu kilikuwa kama Kogo alivyotaka. Alikuwa na nafasi ya kutosha, na hakuna mtu wa kumbeba. Kutoka pale aliuona msalaba wa saruji na jina. Alikaa akiuangalia na hakusogea.

"Huyu mtu ameenda wapi?" akaniuliza.

"Amekupisha, Kogo."

"Mwambie akuje."

"Hapa mlango haiwezi kurudi. Hapa ni flati."

"Nimeona ni flati." Alijifunga leso upya, polepole. "Lakini hapo sitaki kufika peke yangu. Na yeye miaka mbili amekuwa akifika hapo peke yake. Mwambie akuje anipatie mkono."

Nikaenda kumwita.